Bloku ni tamu, lakini mpira kachukua nani?

Hakuna kinachoinua jukwaa la viwanja vya kikapu vya JMK Park, pale Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, kama bloku, yaani kuuzuia mpira uliotupwa kikapuni. Mshambuliaji anaingia, senta, yule mrefu anayelinda chini ya kikapu, anaruka, mpira unapigwa kofi hadi nje, watu wanashika vichwa. Kelele hazijatulia, mwamuzi anawapa mpira walewale waliozuiwa. Wanaurusha ndani, pasi mbili, kikapu. Pointi tulizodhani zimeokolewa zimeingia vilevile.

Dar ina sababu ya kuipenda bloku. Hasheem Thabeet, kijana wa hapahapa mwenye urefu wa mita 2.21, alijijengea jina Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kufuta mitupo ya watu, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mbele ya James Harden. Lakini Memphis hiyohiyo ilikuwa na Marc Gasol, mtu mzito asiyeruka sana. Msimu wa 2012/13 Serge Ibaka wa Oklahoma City aliongoza ligi kwa wastani wa bloku 3.0 kwa mchezo, Gasol akiwa na 1.7, na tuzo ya mlinzi bora ikaenda kwa Gasol. Alikuwa anawahi kusimama panapotakiwa, anaziba njia, anawapanga wenzake kwa sauti, mshambuliaji anaghairi. Mtupo ulioghairiwa hauandikwi popote.

Wanaoitetea bloku hapa wana hoja nzito: mtu anaghairi kwa nini, kama si kwa kuogopa kufutwa? Senta Mkongo Dikembe Mutombo alimaliza NBA na bloku 3,289 na tuzo nne za mlinzi bora, na aliyeingia eneo lake aliingia akiwa na hesabu hiyo kichwani. Hata bloku inayotoka nje si bure, kwani mpira usipogusa ringi ya kikapu, saa ya sekunde 24 inayopima muda wa kila shambulizi hairudi mwanzo. Timu inayoshambulia inabaki na sekunde chache za kuhangaika.

Tatizo ni gharama. Anayefukuza kila mtupo huruka kwa kila danganya toto, mtu akijifanya anatupa kumbe hatupi, na kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazochezea, faulo ni tano tu kisha unatolewa. Senta akifika faulo tatu robo ya pili anakaa benchi, na klabu zetu nyingi hazina mwingine wa kimo chake. Akiruka akakosa, mtu wake anabaki peke yake chini ya ringi akiokota ribaundi, mpira uliokosa kikapu. Akichelewa akaugusa mpira unaoshuka kuelekea kikapuni, pointi zinahesabiwa.

Bloku ninayoitaka mimi ni ya Bill Russell. Aliugusa mpira kiasi tu, ukabaki uwanjani, mwenzake akauchukua na kukimbia nao. Ana mataji 11 na Boston Celtics, lakini kwenye rekodi rasmi hana bloku hata moja: alistaafu mwaka 1969, na NBA ilianza kuzihesabu msimu wa 1973/74.

Makocha wa vijana waongeze safu moja tu kwenye karatasi ya takwimu: baada ya bloku, mpira ulikwenda kwa nani. Mtoto mrefu wa miaka 15 akiona bloku zake tano zimezaa mipira miwili, ataanza mwenyewe kulegeza kiganja.