Jiko la Dunluce lilianguka kweli baharini?

Magofu ya ngome ya Dunluce, Ireland ya Kaskazini, yako juu ya jabali la pwani ya Antrim, na kuyafikia lazima uvuke daraja. Kisa chake mashuhuri ni cha mwaka 1639: usiku wa dhoruba jiko likaporomoka baharini pamoja na watumishi waliokuwemo. Akapona kijana mmoja wa jikoni, aliyekuwa ameketi kwenye pembe ambayo haikuanguka. Catherine Manners, mke wa bwana wa ngome, inasemekana akakataa katakata kulala tena hapo.

Lakini jiko lipo mpaka leo. Meko na tanuri yake vinaonekana. Kilichoanguka ni ukuta wa kaskazini wa jengo la makazi, tena katika karne ya 18, wakati wenyewe walikwisha kuhama zamani.

Basi wako wanaotaka kisa hiki kiachwe, na hoja yao ina uzito. Kinaibebesha bahari lawama ambayo ni ya vita. Mnamo 1608 hivi, Randal MacDonnell, bwana wa ngome wakati huo, alijenga mji kando ya ngome, wenye mitaa iliyonyooka na nyumba za mawe. Uasi wa Waayalandi wa 1641 uliuteketeza. Leo ni malisho tu. Mtu anapita juu yake akiwahi kwenda kuchungulia lilipoanguka jiko, hajui kwamba chini ya nyasi kuna barabara ambayo wanaakiolojia waliifukua mwaka 2011. Hilo linaniuma. Familia zilizounguliwa na nyumba hazina hata hekaya.

Hata hivyo, siko tayari kumfuta yule kijana. Maandishi ya Dunluce yamejaa mabwana: akina MacQuillan waliojenga, akina MacDonnell waliowapokonya, mkuu wao Sorley Boy na mizinga iliyookolewa katika Girona, meli ya Kihispania iliyozama karibu na hapo mwaka 1588. Mpishi hatajwi, wala mchota maji. Katika masimulizi ndipo mtumishi anapata nafasi, na hofu ya kufanya kazi ukingoni mwa genge, mawimbi yakipiga chini ya miguu, haikuwa ya kubuni.

Mimi ningekisimulia palepale jikoni, mbele ya meko, ili msikilizaji aone mwenyewe kwamba kuta zimesimama. Kisha ningemvusha daraja, nikamwonyesha mtaa ulio chini ya nyasi.