Stesheni isiyofika treni

Mara ya kwanza niliposhuka Kunitachi, viungani mwa Tokyo, nilidhani ile nyumba ya paa jekundu ni mgahawa. Ndogo, ya mbao, kuta nyeupe, paa la pembetatu na dirisha la nusu duara. Nyuma yake, juu ya nguzo za zege, treni za njia ya reli iitwayo Chuo, zenye mistari ya rangi ya chungwa hupishana bila hata kuigusa. Kumbe hiyo ndiyo stesheni ya zamani, ya mwaka 1926. Ilibomolewa 2006 ili reli iinuliwe, mbao zake zikawekwa ghalani, ikasimamishwa tena 2020, hatua chache tu kutoka reli.

Miaka kumi na minne mbao ziko stoo! Nilicheka. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Kokubunji, vituo viwili kabla ya hapo, na nilichojali ni treni kufika kwa wakati basi.

Sasa sicheki. Kuinua reli ilikuwa lazima, hilo silibishii. Kwenye njia ile kulikuwa na vivuko vya reli ambavyo Wajapani huviita "visivyofunguka": asubuhi, kizuizi kikishuka, waweza kusimama na baiskeli yako treni zikipita moja baada ya nyingine hadi usahau ulikokuwa unakwenda. Lakini stesheni mpya haina sura. Ukisinzia ukashtuka, hujui uko Kunitachi au Musashi-Sakai, stesheni nyingine ya njia hiyo, mpaka usome kibao.

Wanaosema fedha za manispaa zilipotea kwa kuisimamisha tena nyumba hiyo nawauliza: huo mji ungeitwaje? Kabla ya stesheni, pale palikuwa msitu wa kijiji cha Yaho. Kampuni ya ardhi ikakata viwanja, ikafungua barabara ya upana wa mita 44, ikakivuta chuo cha biashara kilichoharibiwa na tetemeko la 1923, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Hitotsubashi. Jina la stesheni likaundwa kwa kuchukua herufi ya kwanza ya Kijapani ya Kokubunji, isomekayo pia "kuni", na ya kwanza ya Tachikawa, "tachi", stesheni jirani za pande mbili wakati huo. Mwaka 1951 kijiji kilipopanda hadhi kikaacha jina lake, kikachukua la stesheni. Kwa hiyo hapa stesheni ndiyo iliyouzaa mji. Utamtupaje mzazi kwa sababu treni zimehamia ghorofani?

Na nyumba ile ina kazi, ingawa hakuna geti la tiketi. Watu hupeana miadi hapo, maana kila mtu anaijua. Siku moja ya mvua niliingia kujikinga. Bibi mmoja akakunja mwavuli, akaketi karibu yangu. Nikamuuliza, kwa Kijapani changu cha kuokoteza, anasubiri treni ya saa ngapi. Akasema haendi popote. Kisha akaninyooshea kidole pembeni: pale ndipo alipokuwa akikata tiketi ya kwenda shule.