Ukulele Wangu Ulivyogeuka Mabondo

Ukionekana bandari ya Mwanza na kitu chenye kufuli, hakuna anayekuuliza umebeba nini. Unaulizwa kilo ngapi.

Mimi nilikuwa na ukulele, kile kigita kidogo cha nyuzi nne. Binamu yangu alikuwa anaoa kule Nansio, kisiwani Ukerewe, na shangazi, aliyewahi kuniona nikiupiga kwenye WhatsApp, alishawatangazia majirani kwamba mtoto wa kaka yake anakuja na kale kagita kake. Kukataa ilikuwa haiwezekani. Tatizo lilikuwa begi la huo ukulele, la kitambaa tu. Aliyepanda meli ya Ukerewe anajua mizigo inavyopangwa: gunia juu ya gunia, tenga la kuku juu ya gunia, na mtu kakaa juu ya tenga anakula muwa.

Nikaingia mjini kutafuta kasha gumu. Pale Makoroboi, machinga wa kwanza akanipa boksi la mashine ya kunyolea. Wa pili akaleta deli la samaki, akalipiga kofi: "Hili hata uweke barafu halivuji." Duka la vyombo vya muziki walikuwa na kasha la fidla, wakasisitiza kwamba nikisukuma kidogo kitaingia. Fundi seremala wa Kirumba ndiye aliyenielewa, ila alitaka kulitengeneza kwa mninga mtupu. Nikanyanyua kipande cha mfano nikaona nitafika harusini na ngiri.

Mwishowe jamaa wa Dar akanitumia kwa basi kasha lililokwishatumika. Chombo chenyewe! Plastiki ngumu, mpira pembeni wa kuzuia maji, vibano vya chuma na kufuli ya namba. Lilikuwa la ukulele wa saizi iitwayo tena, ambao una kama sentimita 66, na wangu ni wa saizi ndogo zaidi, konseti, kama sentimita 58. Wengi hudhani kasha likiwa gumu kazi imekwisha. Thubutu. Chombo kikicheza ndani, ugumu huo huo ndio utakaokivunja. Shingo inatakiwa ilale kwenye mto wake, kichwa kisiguse ukuta, tumbo libanwe bila kuminywa. Kwa hiyo nikajaza khanga kwenye nafasi iliyobaki, nikalegeza nyuzi kidogo, nikatikisa. Kimya. Kwenye meli nikakaa kivulini, maana jua kali hulainisha gundi, na ukulele ni gundi na vibao vyembamba tu.

Harusi ilikwenda vizuri. Nilipiga nyimbo mbili, spika ya DJ ikanimeza ya tatu.

Usiku wa kuamkia safari, shangazi akaomba kuona "kanapolala". Nikamfungulia, nikaenda kuoga. Nilipotoka kasha lilikuwa limefungwa vizuri, na yeye anatabasamu. "Nimekupangia, mwanangu. Sasa hakatikisiki kabisa." Nikatikisa, kweli, kimya kuliko mwanzo. Nikamshukuru kwa moyo wote.

Njiani nikasikia harufu. Nikamwangalia mzee wa kushoto kwa lawama, nikahama. Harufu ikahama. Nikaenda upande wa pili wa meli, penye upepo, ikanifuata kule kule, na yule mzee sasa ananiangalia mimi.

Tuliposhuka Mwanza, jamaa mmoja wa kofia akanisogelea, akasema chini chini:

"Kaka, makavu au mabichi?"

"Huu ni ukulele."

"Najua, ya Ukerewe. Nauliza makavu au mabichi?"

Kwa wasioishi kando ya ziwa: bondo ni kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara. Yakikaushwa husafirishwa mpaka China, na kilo yake inaiacha mbali kilo ya minofu. Sasa kijana ametoka kisiwani, amekumbatia kasha la kufuli, ananukia ziwa, na anahamahama kwenye meli kama mwenye siri. Hata mimi ningejishuku.

Ofisa wa ukaguzi naye akafika. "Fungua."

Nikafungua mbele ya makuli, mama ntilie na abiria wote wenye muda. Khanga haikuwepo. Palikuwa na dagaa wakavu, wamepangwa kwa ustadi kuzunguka ukulele mzima, hadi chini ya shingo, na wachache ndani ya tundu la sauti.

"Hiki katikati ni samaki gani?"

Nikamweleza kwamba ni chombo cha Hawaii, kilichotokana na vigita vya Wareno waliohamia huko kutoka Madeira mwaka 1879.

"Hao Wareno walikuwa na kibali?"

Nilitaka kumwambia kwamba hata sangara aliletwa ziwa hili miaka ya 1950 na hakuna aliyemwuliza, ila sura yake haikuwa ya historia. Akaamuru nipige nithibitishe. Nikapiga. Kila nikigonga uzi, dagaa mmoja anachomoka tunduni, na watu wanashangilia dagaa, si wimbo. Ofisa akacheka mpaka akavua miwani, akasema hiyo ni mboga ya nyumbani, niondoke.

Yule wa kofia hakuondoka. Alikuwa amechuchumaa kwenye kasha. Akapitisha kidole kwenye mpira wote, akajaribu bawaba, akabana na kubanua, akasikiliza kufuli, akasimama juu ya kifuniko kwa miguu miwili. Katika safari yangu yote ya kutafuta kasha, huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akilikagua inavyotakiwa.

"Unauza?"

"Kaka, hili la ukulele."

"Mabondo yangu yanaibiwa kwenye mabasi kila mara." Akataja bei. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya niliyotoa, nauli ya basi ikiwemo.

Nikampa namba za kufuli pale pale. Kisha nikaita bodaboda, dagaa kwenye mfuko wa rambo, ukulele ndani ya shati.