Puti haitaki baridi, bosi hataki kusubiri

Watu wa Makete na Njombe naombeni mnyamaze kwanza. Najua baridi yenu ina heshima zake, mtu anajipanga na koti kabisa. Huku Mwanza inakuja kihuni. Saa 10 alfajiri ngurumo ziwani, saa 12 mvua hiyo, saa 2 nafika gereji Mabatini nakuta turubai limejaa maji unaweza kufuga kambale, halafu saa 8 mchana jua linatoka kama halihusiki na lolote. Muuza sato hayamhusu hayo. Mimi fundi bodi yananihusu, maana kazi yangu nusu ni nyundo, nusu ni kusubiri vitu vikauke.

Jumatano kaja bosi mmoja na IST ya silva, ubavu wa nyuma umebonyea. Alikuwa anapiga rivasi kwake huko mlimani Igogo akaparamia jiwe, maana mji huu ukikwepa nguzo jiwe linakusubiri, na jiwe lenyewe halijapata hata mkwaruzo. Anataka gari Jumamosi asubuhi, mdogo wa mkewe ana sendofu. Na mimi na njaa zangu nikajibu "ondoa shaka bosi wangu". Huu mdomo sijui niupeleke wapi.

Kunyoosha tulimaliza siku hiyo hiyo. Shida puti, ile dongo la kujazia mabonde kwenye bati. Puti ukishaitia hadna, dawa yake ya kuigandisha, inajipika yenyewe, inapata moto kabisa, siku ya jua dakika 20 tu unapiga msasa, ila bati likiwa la baridi lile joto lote linanyonywa unakaa weee ukigusa bado inanata kama ugali wa mwanafunzi. Sasa kopo la kilo linataka hadna kama gramu 20 hivi, dogo wangu wa kazi akaona mimi bahili, nimeenda kunywa chai huku nyuma akakamua nusu tyubu. Kurudi nakuta puti imekuwa pinki ya aiskrimu na imeshagandia kwenye kibao, spachula imesimama wima katikati kama mlingoti wa bendera. Na hata angewahi kuipaka ndo balaa zaidi, hadna ikizidi inapanda mpaka kwenye rangi gari linaota baka. Nikamuuliza dogo, wewe chai unaweka sukari vijiko vingapi? Sita. Basi nikaelewa.

Tukachanganya upya, nikaenda kuazima draya kwa wife, ana saluni ukuta wa pili. Dakika 10 tu mama, nakuomba. Nikawa napuliza ile puti taratibu, inaanza kukubali kabisa, nageuka namuona mteja wake kasimama mlangoni taulo shingoni, nywele zinatiririka maji, anaangalia zamu yake inavyoliwa na IST. Hakusema kitu. Halafu uniti za umeme zikaisha. Tangu siku hiyo nyumbani naongeleshwa kupitia mtoto, "mwambie baba yako chakula kipo mezani", na baba yake nimekaa hapo hapo mezani!

Dogo akaja na wazo lingine, tuwashe jiko la mkaa pembeni ya gari. Pembeni ya galoni la thina, ile ya kuzimulia rangi, inadaka moto chap. Nilimuangalia tu.

Ijumaa rangi. Hewa ina unyevu mpaka kompresa ya kupulizia rangi nimefungua ule mlango wa chini yakamwagika maji ya kunawa mikono, na hayo ukiyaacha yanatoka na rangi. Mkono wa kwanza wa rangi ukapiga ukungu mweupe kama tui limepita juu, kwa sababu thina ikiruka inalipoza bati na umande unatua kwenye rangi mbichi. Nikaufuta wote. Jioni jua likatoka nikapiga upya, nikamalizia na kliya, ile ya juu ya kung'arisha, aisee ikatulia kama kioo, nikajiona mpaka mvi ambazo sikuwa najua nnazo. Nikarudi hatua mbili nyuma nijisifie kidogo.

Naona moshi unapanda kutoka ziwani. Sio moshi. Mwezi ndo kwanza umeandama na vile vidudu vya ziwani wakati huo vinatoka mawingu kwa mawingu, vikatafuta mji mzima sehemu ya kupumzika vikaona kliya yangu. Mpaka saa 5 usiku niko na tochi ya simu mdomoni na sindano ya kusukia ya wife (hajui) nachomoa kimoja kimoja, na ukikivuta mwili unakuja, vimiguu vinabaki vimenyooka kwenye rangi kama kope za bibi harusi.

Jumamosi bosi huyo na suti. Mwangaluka fundi. Mwangaluka bosi. Akapitisha kiganja ubavuni pole pole kama anapima homa, akasimama.

"Fundi mbona hapa kama kuna vipele?"

Sikuwa na jibu la kitaalamu, nikamwambia bosi ni hii baridi, hata gari nalo linasisimka.

Akacheka sana, mpaka akafuta machozi. Akaingia ndani ya gari, akawasha, akashusha kioo. "Hata hiyo hela yako iliyobaki nayo imesikia baridi fundi, imegoma kutoka mfukoni."

Na jua lilivyokuwa linawaka saa hiyo.