Rolihlahla si kosa

Binti wa kaka yangu ameniletea karatasi yake ya mtihani wa historia. Swali la saba lilisema: "Taja jina la kwanza la Mandela." Akaandika Rolihlahla, bila kukosea hata herufi moja, pamoja na ile hl inayojirudia ambayo watu wazima wengi huiharibu. Akawekewa alama ya kosa kwa wino mwekundu. Pembeni msahihishaji kaandika: Nelson.

"Shangazi," akaniuliza, "kwani si baba yake ndiye aliyemwita hivyo?"

Siku tatu sasa, na hasira haijanishuka.

Mandela alizaliwa mwaka 1918, na baba yake akampa jina la Rolihlahla. Kwa Kixhosa maana yake ni kuvuta tawi la mti, na katika mazungumzo ya kawaida ni mtu mleta matata. Nelson lilikuja alipokuwa na miaka 7, siku ya kwanza ya shule. Mandela amesimulia mwenyewe kitabuni mwake jinsi baba yake alivyochukua suruali yake, akaikata magotini, akamvisha mwanawe na kuifunga kiunoni kwa kamba ili isimvuke. Ndani ya suruali hiyo akaingia darasani, na mwalimu akampa kila mtoto jina la Kiingereza. Kwa nini yeye aliangukiwa na Nelson, Mandela mwenyewe hakujua, alibaki kukisia tu. Alipofika miaka 16, jandoni, akapewa jina jingine, Dalibunga, na ameandika kwamba alijivunia kulisikia likitamkwa. Madiba ni la ukoo.

Hebu niambieni, katika hayo "la kwanza" ni lipi? Kama tunahesabu kwa kutangulia, mtoto wetu kapata. Kama tunahesabu kwa lile ambalo dunia imelizoea, basi tuseme hivyo kwenye swali, tusimhukumu mtoto kwa kujua zaidi ya msahihishaji.

Sisemi Nelson ni kosa. Mandela alilibeba hadi uzeeni na hakulikana, na mimi sina haki ya kumvua. Ninachokataa ni ile imani kwamba jina sahihi la mtu ni lile lililotangulia kuandikwa na mwenye kalamu. Kipimo changu ni kimoja: alipokuwa na uwezo wa kuchagua, mwenyewe alishika lipi?

Mtazameni Frederick Douglass, mwandishi Mmarekani aliyezaliwa mtumwa. Mama yake alimpa jina refu, Frederick Augustus Washington Bailey. Mama huyo alikuwa mtumwa wa shamba la mbali, na Douglass anasema kitabuni mwake kwamba alimwona mara nne au tano tu maishani mwake, kila mara usiku. Alikuwa anatembea maili 12 kwa miguu baada ya kazi, analala na mtoto hadi asinzie, na mtoto akiamka asubuhi mama hayupo. Mwaka 1838 Frederick akatoroka utumwani. Ili asikamatwe ilibidi abadilishe jina, akawa Johnson. Alipofika mji wa New Bedford akakuta akina Johnson wamejaa, huwezi kuwatofautisha. Mwenyeji wake alikuwa ametoka kusoma shairi, akapendekeza Douglass, jina la mhusika wa shairi hilo. Frederick akamruhusu achague, kwa sharti moja tu: Frederick lisiguswe. Alisema lazima alishike hilo ili asijipoteze.

Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwanza. Mtu hana ardhi, hana karatasi, hana hata tarehe ya kuzaliwa. Alichoachiwa na mama ambaye uso wake hakuwahi kuuzoea mchana ni neno moja, na hilo neno akaligomea. Majina mengine yote aliyaacha yaende. Ukitaka kujua jina la kwanza la mtu ni nini, ni hilo alilolifia ubishi.

Olaudah Equiano, Mwafrika aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, ananipa kazi ngumu zaidi, na sitaki kumkwepa. Kwa simulizi yake, kwenye meli waliyomsafirisha aliitwa Michael. Alipofika Virginia, huko Amerika, akaitwa Jacob. Nahodha aliyemnunua huko akamwita Gustavus Vassa. Kijana akakataa, akasema aitwe Jacob, akawa anapigwa kila akikataa, hadi akaitikia. Jina la kipigo. Lakini baadaye, akiwa mtu huru, alilitumia hilohilo la Vassa katika shughuli zake, na alipochapisha kitabu chake mwaka 1789 akaweka yote mawili kwenye jalada, Olaudah Equiano likitangulia. Kwa hiyo ukiniuliza lipi sahihi, nakuambia soma jalada. Mwenyewe kapanga.

Najua wapo watakaodakia hapa: basi turudi kwenye jina la kuzaliwa, hilo ndilo halisi, mengine yote ni ya kubandikwa. Nawaelewa, na moyo wangu uko karibu nao kuliko ulivyo kwa yule mwenye wino mwekundu. Ila na wao wanakosea. Sojourner Truth, mpinga utumwa wa Marekani, alizaliwa akiitwa Isabella, na mwaka 1843 akajipa jina jipya kwa hiari yake. Ukimrudisha kwenye Isabella kwa kisingizio cha kumheshimu, umemnyang'anya alichokipata mwenyewe. Na Mobutu, rais wa Zaire, je? Mwaka 1972 aliwapiga Wazaire marufuku kutumia majina ya Kikristo, kwa jina la uhalisi, na mapadre wakatishiwa jela wakibatiza watoto kwa majina ya kizungu. Yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré, na hiyo ilikuwa haki yake. Lakini bibi aliyeitwa Marie miaka 60 na kulipenda, nani alimpa Mobutu ruhusa ya kumwambia yeye si Marie? Amri ya kuvua jina na amri ya kubandika jina zinatoka kwenye mkono uleule.

Wengine hukimbilia nyaraka. Rais Grant wa Marekani alizaliwa Hiram Ulysses. Mwaka 1839 mbunge aliyempendekeza kwenye chuo cha kijeshi cha West Point akaandika Ulysses S. Grant kwa makosa, na S hiyo haikuwa kifupi cha kitu chochote. Kosa la kalamu likawa jina la rais. Nyaraka ni ushahidi wa alichoandika mwandishi, basi.

Na hata majina makubwa tunayataja ovyo. Haile Selassie, la mfalme wa Ethiopia, maana yake Nguvu ya Utatu, kwa hiyo kumwita "Selassie" kana kwamba ni ukoo ni kulikata jina katikati. Mao Zedong wa China, Mao ni la ukoo, la kwake ni Zedong. Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia, hicho ni cheo, yeye ni Temüjin.

Na bondia Muhammad Ali, aliyezaliwa Cassius Clay. Alitangaza jina lake mwaka 1964, na miaka mitatu baadaye mpinzani wake ulingoni, Ernie Terrell, bado anamwita Clay. Februari 1967, Houston, raundi 15, Ali anampiga huku anamuuliza: jina langu nani? Raundi nzima nzima anarudia swali hilo. Watu wanalaumu ukatili wa usiku ule, na ulikuwa ukatili kweli, sibishi. Lakini swali lenyewe lilikuwa la haki, na magazeti mengi yalichelewa mno kulijibu.

Jumatatu nakwenda shuleni kwake. Binti ameniomba nisipandishe sauti, nami nimemwahidi. Nitadai alama yake moja irudishwe, na swali la saba mwakani liandikwe upya: baba yake alimwitaje, mwalimu alimwitaje, na jandoni aliitwaje. Nimekwisha kuweka kikaratasi kwenye kitabu cha Mandela, ukurasa wa ile suruali iliyokatwa magotini.