Vidole Vitatu, Kura Moja

Mke wangu huwaambia wageni kwamba nina chupa kumi na moja za wino mweusi. Huo ni uzushi. Mweusi ninao mmoja tu. Ule wa Diamine, kutoka Liverpool, ni damu ya ng'ombe, na jina lake ni hilohilo: Oxblood. Tsuki-yo wa Pilot ni buluu ya usiku wa mbalamwezi. Ukitupia jicho haraka utaona weusi, nakubali, lakini ngoja ukauke, upeleke karatasi dirishani, uiinamishe kidogo... Yeye hangoji. "Zote nyeusi," husema, akaendelea kusonga ugali.

Kipenzi changu hasa ni Scabiosa wa Rohrer & Klingner, kampuni ya Wajerumani iliyoanzia Leipzig. Ni zambarau iliyotulia, kama leso ya nyanya iliyofuliwa miaka mingi. Ni wino wa chuma, ukoo mmoja na ule wa kale uliotengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni. Raha yake ni kwamba kalamuni hutoka umefifia, kisha ukishapigwa na hewa huanza kukolea taratibu. Raha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa tarehe 9 Agosti 2022, siku ya uchaguzi mkuu. Saa kumi alfajiri vijana wa mtaa, hapa Umoja, walikuwa wakipuliza vuvuzela kuamsha wapiga kura. Nikawaza, foleni itakuwa ndefu, heri niende na kijitabu na kalamu iliyojaa. Nikafungua chupa. Vuvuzela ikalia chini ya dirisha langu kabisa.

Chupa niliiokoa. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto ndivyo vilivyozama. Nikapangusa kwa tishu, ikabaki rangi hafifu tu, kama ya mtoto aliyeiba forosadi. Nikajiambia itatoka.

Baridi ya Nairobi mwezi wa Agosti mnaijua. Saa tatu nzima kwenye foleni mikono yangu ilikuwa mfukoni, na kile kijitabu sikukigusa. Nilipofika mlangoni karani akaomba kitambulisho. Nikakitoa, kwa mkono wa kushoto.

Vilikuwa vimeiva! Vyote vitatu, zambarau nzito mpaka kwenye kucha.

Yule binti akavitazama vidole, akanitazama, akavirudia vidole. "Baba, umepigia wapi?"

"Sijapiga bado."

"Huyu ameanzia Kayole, akapitia Komarock, sasa ametufikia!" kijana mmoja akapaza sauti nyuma yangu.

"Karatasi sita hazikumtosha?" akauliza shosho mmoja, kwa huzuni ya kweli.

Nikaanza kueleza: chuma, mwaloni, hewa. Kosa kubwa. Mtu asiye na hatia hana maelezo marefu hivyo. Askari aliyekuwa akisinzia akaamka. Msimamizi wa kituo akaja, nikampa kalamu kama ushahidi, akaifungua kwa nguvu kabla sijamwambia "taratibu". Sasa naye akawa na kidole cha zambarau.

"Kwani msimamizi pia ameshapiga?" wakala mmoja wa chama akauliza, akatoa daftari aandike.

Mashine ya alama za vidole ndiyo iliyotuokoa sote. Niliweka gumba la kulia, picha yangu ikajitokeza, na ikaonekana wazi kwamba sijapiga. Nikapewa karatasi zangu sita, nikapiga, nikazitumbukiza kwenye masanduku.

Ikabaki kupakwa wino. Karani alikuwa bado anatafuta kwenye mkono wangu wa kushoto kidole ambacho alama yake ingeonekana, mimi nikitazama kichupa chake. Zambarau safi sana. Nao una nitreti ya fedha, kwa hiyo ukipigwa na mwanga huzidi kukolea. Sikuweza kujizuia.

"Samahani, binti yangu. Kinachobaki humo jioni huwa mnakipeleka wapi?"

Askari alinisindikiza mpaka getini.