Kenya kutuzidi pato la mtu mmoja: ni kweli, ila soma grafu kwa makini

Kila takwimu mpya za GDP (thamani ya vyote vinavyozalishwa ndani ya nchi) zikitoka ligi inaanza upya, Mkenya analeta grafu ya pato la mtu mmoja kwa dola, Mtanzania anasema hizo ni namba za makaratasi tu, njoo uone bei za vyakula, kisha yanafufuliwa mambo ya manyang'au, jina la kejeli tulilowapa Wakenya toka enzi za Mwalimu. Mi ni Mtanzania na nasema mapema kabisa, Kenya wametuzidi. Mwaka 2023 pato la wastani kwa mtu lilikua karibu dola 1,950 kwao, kwetu 1,200 na kitu. Hilo pengo haliwezi kua ni makosa ya karani.

Ila ile grafu yenyewe jinsi inavyopanda na kushuka, hapo ndo watu wanadanganyika, na wanadanganyika pande zote mbili.

Chukua Mkenya analipwa 50,000 za kwao kwa mwezi. Januari 2024 dola ilikua imefika kama 160, kwa hiyo mshahara wake ulikua dola 312 hivi. Miezi michache mbele shilingi yao ikapata nguvu dola ikarudi kwenye 130, mshahara ule ule, ofisi ile ile, sasa unasomeka dola 385. Hajaongezwa hata senti! Sasa zidisha hiyo kwa nchi nzima ndo utaelewa kwanini pato lao kwa dola liliruka 2024. Ethiopia iliwakuta kinyume chake, Julai 2024 waliiachia birr ijitafutie bei sokoni ikaporomoka, na GDP yao kwa dola ikasinyaa wakati mashamba yapo pale pale.

Na sisi tulishapita huko, tena vibaya zaidi. Mwaka 1985 dola moja ilikua shilingi 17 hivi, kufika 1990 ilikua karibu 195. Ukiangalia mstari wa Tanzania kwa dola miaka ile utadhani tulipigwa bomu. Hali ilikua ngumu kweli, vita ya Kagera, mafuta kupanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, maduka matupu, hakuna anayebisha. Lakini sehemu kubwa ya ule mporomoko ni ile bei ya 17 iliyopangwa na serikali, ambayo ilikua ya uongo toka mwanzo, yaani kabla ya hapo grafu ilikua inatupendelea. Anayetumia miaka ya 80 kuonyesha Kenya walivyotuacha aanze na hilo.

Kuna na mwaka wa kizio, yaani mwaka unaochukuliwa kama msingi wa kuhesabia uchumi. Septemba 2014 Kenya walisahihisha hesabu zao, uchumi ukakua asilimia 25 kwa usiku mmoja, na pato la kila mtu likapanda nalo. Sio wizi, shughuli zilikuwepo ila hazikua zinahesabiwa, na Tanzania mwaka huo huo ikafanya yale yale. Ila ukichora mstari bila kurekebisha miaka ya nyuma unaona muujiza ambao haukutokea.

Sasa Watanzania wenzangu mnaojificha kwenye hizi hoja, ngoja kwanza. Kuna kitu hakihusiani na dola wala kizio, nacho ni vichwa. Sensa ya 2012 tulikua milioni 44.9, ya 2022 tukawa milioni 61.7, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, wakati Kenya kati ya sensa zao za 2009 na 2019 waliongezeka kama asilimia 2.2. Uchumi ukikua 6 na watu 3.2 kila mmoja anabaki na 2.8, na kwa mwendo huo pato la mtu linachukua miaka 25 kua mara mbili. Mawaziri wanatusomea ile 6 tu. Kwa maoni yangu hii ndo sababu tulikimbia vizuri toka 2000 mpaka kabla ya korona, miaka ambayo Kenya walijikwaa hadi wakakua chini ya asilimia moja 2008 baada ya vurugu za uchaguzi, na bado hatukuwafikia.

Alafu dhahabu. GDP inahesabu kila wakia inayochimbwa Geita hata kama faida inaenda kwa wenye hisa nje. Benki ya Dunia ikipanga madaraja haitumii GDP, inatumia pato la taifa (GNI) lililotoa hizo faida, na kiwango cha dola inakichukua kwa wastani wa miaka mitatu ili kisiyumbe. Ndo kipimo kilichotupeleka uchumi wa kati Julai 2020, Kenya walitangulia miaka kama mitano. Mtu akitaka kubishana nami alete mstari huo, au wa bei zisizobadilika, yaani ulioondolewa mfumuko wa bei, ule wa dola za mwaka husika akae nao mwenyewe.